Mgeni Kutoka Ikola Ndani ya Kioo

Ukitaja Ikola mjini Mpanda, anayekusikiliza atawaza migebuka na dagaa. Ni kijiji cha uvuvi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, jirani na Karema, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, na kwa wakazi wengi wa mkoa huu jina hilo ni la kitoweo. Ila wapo watu Ujerumani, Marekani na Japani ambao mgebuka hawamjui, Mpanda hawajawahi kuisikia, na Ikola wanaitaja kila wanapokutana kuzungumzia samaki wao. Wanayemtaja ni samaki mmoja mdogo mweusi, aliyefungwa mkanda mpana wa njano kiunoni. Kwenye orodha za bei huandikwa Tropheus "Ikola", na wafugaji wengine humwita Kaiser II.

Huyu ni samaki wa mapambo. Wazamiaji humvua kwa wavu, husafirishwa akiwa hai, na mwishowe humiminwa kwenye tangi la kioo sebuleni kwa mtu. Mwenye tangi amemsubiri kwa hamu, amelipa fedha nyingi, amewaita watoto waje waone. Samaki anaingia, anazama hadi chini, anajibanza nyuma ya jiwe. Ile njano imefifia, weusi umegeuka kijivu. Jioni inapita hajatoka. Kesho yake hali ni ileile, na watoto wanachoka kutazama mawe.

Wengi hapo hugonga kioo ili atoke. Wengine huinua jiwe kumwangalia, huongeza mwanga, au hutupa chakula kingi wakidhani njaa itamvuta. Kila moja ya hatua hizo humzidishia hofu, na hiyo ya mwisho humchafulia maji pia. Samaki anayejificha hajagoma, wala si lazima awe mgonjwa. Anafanya kile ambacho ukoo wake umefanya kwenye mawe ya Ikola kwa vizazi visivyohesabika: kwanza ajue pa kukimbilia, ndipo ajionyeshe. Anayetaka kumsaidia inambidi ayafahamu mawe hayo.

Mawe ya nyumbani

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofikia mita 1,470. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Ukubwa wote huo, hata hivyo, si mali ya Tropheus. Maji ya chini hayana oksijeni, maji ya katikati ni ya dagaa na migebuka, na fukwe za mchanga zina wenyewe. Tropheus ameachiwa ukanda mwembamba wa mawe kando ya nchi kavu, mita chache tu kutoka juu, mahali ambapo jua linafika, mawimbi yanachanganya hewa na maji, na kila jiwe limevaa utelezi wa kijani. Utelezi huo ndio chakula chake. Anaukwangua kutwa nzima.

Kati ya mwamba mmoja na mwingine mara nyingi kuna mchanga au kina kirefu, na Tropheus havuki. Kwenye mchanga mtupu hana pa kujificha ndege wala samaki wakubwa wanapomjia. Kwa hiyo kila kipande cha mwambao kimefuga Tropheus wake: hapa mweusi mwenye mkanda wa njano, mwendo mfupi mbele mwekundu, kwingine mwenye mistari. Hofu ya kutoka mafichoni ndiyo iliyochora ramani ya rangi ambayo wafugaji wa dunia nzima wanaikariri kwa majina ya vijiji vyetu.

Ramani hiyo haikukaa tuli. Ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walianzisha kituo Karema wakati maji yakiwa juu sana. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa ndio kwanza umefungua njia ya kutolea maji, na ndani ya miaka kumi na mitano hivi ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Kwa binadamu hiyo ilikuwa habari ya ufuko kusogea mbali na boma. Kwa samaki wa mawe, mwamba waliozaliwa umekauka, na mwamba uliokuwa umezama mno umekuja jirani. Katika maelfu ya miaka ya nyuma ziwa liliwahi kushuka kwa mamia ya mita, likatenganisha jamii na kuziunganisha upya. Aina zilizozaliwa humo ni nyingi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, wakiongozwa na Walter Salzburger, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi mkubwa wa samaki wa jamii ya sato na perege wa ziwa hili, wapatao spishi 240, karibu wote wasiopatikana penginepo duniani.

Kwa hiyo samaki aliyemiminwa kwenye kioo chenye kokoto mbili na ua la plastiki hayuko mahali pagumu kidogo. Kwake hapo ni mchanga mtupu, mahali ambapo kwenye ziwa lake angeliwa.

Maji yasiyo ya bahari, yasiyo ya mto

Samaki wa Tanganyika na samaki wa baharini wameunganishwa na historia ya ajabu. Mwaka 1883 mwanasayansi Mjerumani Richard Böhm aliona kiwavi cha majini, yule anayeelea kama mwavuli wa ute, ndani ya Ziwa Tanganyika. Viwavi hao watu walizoea kuwaona baharini. Konokono wa ziwani nao walikuwa na magamba mazito yaliyofanana na ya pwani. Mwingereza J. E. S. Moore akafika ziwani mara mbili, mwaka 1895 hadi 1896 na tena 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akachapisha kitabu akidai kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Dai hilo halikudumu. Safari ya W. A. Cunnington ya 1904 hadi 1905 ilileta ushahidi uliolivunja. Jina la Moore lilibaki kwa njia nyingine: George Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alikuwa ameshampa samaki wa kwanza wa jenasi hii jina la Tropheus moorii, mwaka 1898.

Kosa la Moore bado linarudiwa majumbani kwa namna yake. Mtu anasikia kwamba samaki wa Tanganyika anataka maji mazito, naye anamwaga chumvi ya jikoni kwenye tangi. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari. Yana madini ya aina nyingine, hasa magnesiamu na bikaboneti, na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2. Joto la maji ya juu ni nyuzi 24 hadi 29. Maji ya bomba au ya kisima yasiyofikia hapo hurekebishwa kwa bikaboneti ya soda na chumvi ya Epsom, kidogokidogo, huku yakipimwa kila mara. Kwa samaki mwenye hofu maji yaliyotulia yana thamani kuliko maji yaliyo kamili kwenye karatasi. Ni afadhali pH ya 8.5 isiyobadilika kuliko ya 9 inayoruka leo na kuporomoka kesho.

Na tangi lenyewe liwe limeiva kabla mgeni hajafika. Kwenye chujio na juu ya mawe wanahitajika bakteria wa kuigeuza amonia anayoitoa samaki kuwa kitu kisichoua. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Anayenunua tangi Ijumaa na samaki Jumamosi anamtia mgeni kwenye nyumba isiyo na choo.

Safari na mfuko

Biashara ya samaki hawa ilishika kasi miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akivua na kusafirisha kutoka Bujumbura. Kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa Tanganyika kikawa mwongozo wa wafugaji wa kizazi kizima. Kwa upande wa Tanzania kazi hii imejikita zaidi Kigoma, ingawa mwambao unaovuliwa unashuka kusini hadi Katavi na Rukwa.

Wapo wanaopata shida zaidi ya Tropheus. Cyphotilapia, samaki mkubwa mwenye nundu usoni na mistari myeusi, huishi kwenye kina cha makumi ya mita. Ndani yake ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, na kibofu hicho hakina mlango wa kutolea hewa haraka. Akipandishwa ghafla, hewa inatanuka na kumpasua ndani. Mzamiaji anayeijua kazi yake humweka kwenye chombo cha wavu, akampandisha mita chache, akamwacha apumzike, kisha akarudi kumpandisha tena, na zoezi hilo linaweza kuchukua siku kadhaa. Haya hufanyika kabla mnunuzi yeyote hajaona hata picha yake. Samaki anayefika sebuleni akiwa hana imani na mtu ana historia, na inafaa kuiheshimu.

Kabla ya kufungwa, samaki hunyimwa chakula siku mbili tatu ili asichafue maji njiani. Kisha huingizwa kwenye mfuko wa nailoni, maji kidogo chini, oksijeni tele juu, mfuko ndani ya sanduku la kuzuia joto na baridi.

Ndani ya mfuko huo panatokea jambo ambalo kila mfugaji wa samaki wa Tanganyika, na wa baharini pia, anapaswa kulijua vizuri. Samaki anapumua na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo inashusha pH ya maji. Papo hapo anatoa amonia, ambayo inajikusanya. Kwa bahati, pH ikiwa chini amonia hukaa katika umbo lisilomdhuru sana. Kwenye pH ya 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH ya 9 na joto la nyuzi 25, sehemu hiyo inazidi theluthi moja.

Sasa mtu anafungua mfuko. Kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda kwa dakika chache, na amonia iliyokuwa imelala inaamka kuwa sumu, samaki akiwa bado ndani. Ushauri wa zamani wa kuacha mfuko wazi na kudondosha maji ya tangi taratibu kwa saa nzima unafaa kwa samaki aliyesafiri nusu saa kutoka dukani. Kwa aliyekaa mfukoni kwa saa nyingi unaweza kumuua. Yeye mfuko wake huelea kwenye tangi ukiwa umefungwa, dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka joto lilingane. Maji ya tangi yawe yameandaliwa mapema yasiachane mno na yale aliyotokea. Kisha mfuko ufunguliwe, samaki atolewe mara moja kwa kikombe au wavu laini na kuachiwa, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Hayafai kuingia kwenye tangi.

Taa izimwe kabla ya hayo yote. Usiku wa kwanza uwe usiku kwelikweli: taa ya tangi isiwashwe, pazia lishushwe, televisheni iliyo mbele ya kioo inyamaze. Gizani samaki wenyeji hawamwandami mgeni, naye hupata saa kadhaa za kupapasa mawe na kujua tundu lipi linamtosha. Kesho yake mwanga uje polepole.

Majirani wanaokumbuka sura

Tangi likiwa tupu, kazi imekwisha nusu. Likiwa na wenyeji, ndiyo kwanza inaanza.

Masanori Kohda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jiji la Osaka walimchunguza Neolamprologus pulcher, samaki mdogo wa Tanganyika anayeishi kwa makundi ya ukoo. Mwaka 2015 walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: samaki huyu anamtambua jirani kwa madoa ya usoni, kwa muda usiozidi nusu sekunde. Walipomwonyesha picha yenye mwili wa jirani na sura ya mgeni, alishika tahadhari kama mbele ya mgeni. Walipogeuza, akatulia. Jirani anayejulikana mipaka yake haleti vita kila siku. Sura ngeni ndiyo inayotazamwa kwa macho makali. Haifai basi kushangaa pale samaki mpya anapoandamwa na tangi zima dakika tano baada ya kuingia.

Tropheus ni mkali kuliko huyo. Dume na jike kila mmoja analinda eneo lake la malisho, na mgeni mmoja aliyeongezwa kwenye kundi lililokwisha kupangana vyeo mara nyingi hufa ndani ya wiki. Wafugaji wazoefu hawamwingizi peke yake. Huleta kadhaa kwa pamoja ili ghadhabu igawanyike, na kabla ya kuwaingiza hupangua mawe yote na kuyapanga upya. Mwenyeji aliyekuwa na himaya anajikuta naye hana kwake, anaanza kutafuta pango sawa na wageni. Njia nyingine ni kumweka mgeni kwa siku kadhaa ndani ya kizimba cha wavu au nyuma ya kigawanyo chenye matundu ndani ya tangi hilohilo: wanaonana, wananusana, hawagusani. Kigawanyo kikiondolewa, sura yake si ngeni tena.

Idadi nayo ina maana. Tropheus watano ni hatari, kwa sababu mnyonge ni mmoja na anajulikana. Kuanzia kumi na tano kwenda juu, katika tangi la lita 300 au zaidi, mkali hawezi kumfuatilia mtu mmoja kutwa nzima.

Kuna dawa nyingine ya hofu ambayo haimgusi mwenye hofu hata kidogo. Mwaka 1968 George Barlow, mtafiti wa tabia za samaki wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, aliandika juu ya kutumia samaki wengine, watulivu wanaoogelea juu wazi, kuwatoa mafichoni samaki waoga. Mantiki yake ni ya porini kabisa: samaki aliye tunduni hawezi kumwona adui aliye juu, lakini anaweza kuwaona wanaoelea juu. Wakiwa wametulia, hakuna hatari. Wakitawanyika, arudi ndani. Ziwani kazi hiyo hufanywa na samaki kama Cyprichromis, wembamba wanaotanda kwa makundi mbele ya miamba. Kwenye kioo Cyprichromis hao hao wanafaa, ilimradi tangi lifunikwe, kwa maana wakishtuka wanaruka nje.

Bado, baada ya hayo yote, atakuwepo mmoja anayechelewa. Roger Schürch na Dik Heg, walipokuwa Chuo Kikuu cha Bern, waliwapima pulcher na kuona kwamba ujasiri na woga ni tabia za kudumu za samaki mmoja mmoja, kama zilivyo kwa watu. Mwoga wa leo huelekea kuwa mwoga miezi mingi baadaye. Hili linapaswa kumpumzisha mfugaji. Kumsaidia samaki mwenye aibu si kumgeuza shujaa. Ni kumwezesha ale, apumue taratibu, arudishe rangi yake, na awe na pango ambalo halinyang'anywi. Anayetoka jioni tu ameshatulia kwa kadiri yake.

Siku ya tatu hapewi jembe

Siku ya kwanza asilishwe. Siku ya pili apewe kidogo sana, chakula cha mimea, jioni taa ikiwa imefifia. Tropheus ana utumbo mrefu kupita mwili wake mara kadhaa, ulioumbwa kwa mwani, na hofu huupunguzia nguvu ya kusaga. Mfugaji mwenye huruma anayemtupia minyoo au nyama ya moyo wa ng'ombe ili apate nguvu anamsogeza karibu na ugonjwa wa kuvimba tumbo, ambao kwa samaki hawa huenea upesi na kupona ni shida. Dalili zake huanza kimya: samaki anatafuna na kutema, kinyesi kinakuwa cheupe na kirefu kama uzi, kisha tumbo linajaa. Anayejificha lakini kinyesi chake ni cha kijani au kahawia yuko salama kuliko anayeogelea mbele ya kioo akitoa uzi mweupe.

Mwanga mkali juu ya mawe kwa saa kadhaa kila siku, hata kabla samaki hajanunuliwa, huotesha ule utelezi wa kijani. Wenye kupenda usafi huufuta. Wauache. Samaki mpya asiyethubutu kupanda juu kugombea chakula hupata riziki yake kwenye jiwe la mlangoni kwake bila kuonwa na mtu.

Sheria nyingi kati ya hizi zinamhusu pia mgeni wa baharini. Mmoja anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii ni Nemateleotris magnifica, samaki wa sentimita zisizozidi 9, mweupe mbele, mwekundu wa moto nyuma, na pezi la mgongoni lililosimama kama mlingoti. Baharini huelea juu ya tundu lake akidaka vijidudu, na kivuli kikipita anazama tunduni kwa kufumba na kufumbua. Kwenye tangi asipolipata tundu siku ya kwanza, mahali pengine anapoweza kukimbilia ni juu, na wengi wao huokotwa asubuhi wakiwa wamekauka sakafuni. Kifuniko cha wavu kinamwokoa kuliko dawa yoyote. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na samaki aliyetoka dukani kwenye maji yenye chumvi pungufu anahitaji kupandishwa taratibu, kwa mpira mwembamba wa dripu uliofungwa fundo, huku tahadhari ya amonia ikibaki palepale.

Kinachotofautiana ni muda. Huyo wa baharini akishapata tundu huanza kula ndani ya siku chache. Tropheus aliyetoka ziwani anaweza kuhitaji wiki kadhaa kabla kundi halijapangana, na ishara ya uhakika kwamba limepangana huonekana kinywani mwa jike. Tropheus huatamia mdomoni. Mayai ni makubwa na machache, kwa kawaida hayafiki ishirini, na mama huyabeba kwa takriban mwezi mmoja mpaka watoto watoke wakiwa wanajiweza. Yanagisawa na Sato walionyesha mwaka 1990 kwamba mama huyo huendelea kukwangua mwani akiwa na watoto kinywani, akiwalisha humohumo. Mama mwenye watoto mdomoni, mashavu yamejaa, anayesogea kwenye jiwe lililo mbele ya kioo na kukwangua huku watu wamekaa hatua mbili kutoka kwake, ameshaamua kwamba hapo ni kwake.

Katavi na samaki wake

Ni jambo la kusikitisha kwamba haya yanajulikana zaidi Berlin kuliko Mpanda. Mtoto wa Mpanda anaweza kumaliza shule akiwa amewaona viboko wa Mto Katuma na twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na asijue kwamba kijiji cha mkoa wake kimebeba jina la samaki anayetafutwa na wafugaji wa mabara matatu. Mwambao uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na hata anayefika Ikola haoni kilicho chini ya maji mita mbili kutoka miguuni pake.

Samaki hao wanahitaji kujulikana kwa sababu nyingine. Udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti unatua juu ya mawe na kuufunika ule utelezi wa kijani. Tropheus asiyevuka mchanga hana pa kuhamia. Maji ya juu yanapata joto. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wa kitoweo wapate kuzaliana, na mjadala wa hatua hiyo ulihusu dagaa na migebuka, kama ilivyostahili. Samaki wa mawe hawakutajwa sana. Upande wa kaskazini, Hifadhi ya Mahale ina ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 unaowalinda. Mwambao wa Ikola na Karema uko nje ya ukanda huo, na kundi linaloishi kwenye kipande kimoja cha mawe likivuliwa likaisha, hakuna jirani wa kuja kulijaza.

Tangi moja la umma lingeanza kubadili hali hiyo. Mahali pake panaweza kuwa Sitalike, kwenye lango la hifadhi wanakopita wageni na wanafunzi, au Mpanda mjini penyewe. Gharama yake si ya kutisha: kioo cha lita 500, mawe yanayofanana na ya mwambao, machujio mawili ili moja likiharibika jingine lishikilie, betri ya sola ya kuendesha pampu ya hewa umeme ukikatika, na mtu mmoja aliyefundishwa kupima maji. Kibali cha kukamata samaki ishirini kinaombwa Idara ya Uvuvi, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Wavuvi wa Ikola wanayajua mawe wanakokaa. Safari kutoka ziwani hadi Mpanda ni ya saa chache, fupi kuliko ile ya kwenda Ulaya, na maji ya kujazia tangi yanaweza kupanda gari moja na samaki.